Habari ya Masomo ya Kiingereza Yapatikanayo Mtandaoni

Siku hizi hapana mwalimu wa Kiingereza huku Ukerewe asiyeambiwa, "Mwalimu, wajisumbua na chaki ya nini? Kila kitu kimo katika simu." Nimeambiwa hivyo na wazazi, nimeambiwa na walimu wenzangu warudipo kutoka semina Mwanza, nimeambiwa hata na kijana auzaye vocha karibu na bandari ya Nansio. Nami, kwa kuwa haifai kubishia jambo usilolijua wala kulisifu usiloliona, nalikata shauri kuyatazama masomo hayo mwenyewe. Nalitumia likizo moja nzima na muhula uliofuata, kwa simu yangu na kwa fedha yangu, na mengine nikayajaribu darasani. Leo nataka kuwaeleza wasomaji niliyoyaona, yapi mema na yapi mapambo tu. Maana wengi wenu mna watoto shuleni, na baadhi yenu mmeombwa fedha za bando "kwa ajili ya kujisomea Kiingereza", msijue fedha ile imekwenda wapi.

Kwanza tukumbuke mzigo alio nao mtoto. Tangu mwaka 1967 Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza ni somo moja tu kati ya masomo. Mtoto akivuka kwenda sekondari, mambo yageuka kwa siku moja: jiografia kwa Kiingereza, baiolojia kwa Kiingereza, hesabu kwa Kiingereza, na mtihani wa kidato cha nne kwa Kiingereza. Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Bwana Jackson Makweta ilishauri Kiswahili kiendelee hata sekondari, lakini shauri lile halikufuatwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu, wakaona ya kuwa walio wengi hawakuwa nacho cha kutosha kufuata masomo mengine. Baadaye Uingereza ikatoa msaada, vikaletwa katika sekondari vitabu vyepesi vya hadithi ili watoto wasome sana. Haya nayataja kwa sababu moja: shida hii ni kongwe kuliko simu, nayo imekwisha kuletewa dawa kutoka ng'ambo kabla ya leo. Ikija dawa mpya, yatupasa kuuliza imechanganywa kwa ajili ya mgonjwa gani.

Nianze na iliyo kongwe. BBC ya London ilianza kufundisha Kiingereza kwa redio mwaka 1943, wakati wa vita, na kazi ile haijakoma. Sasa imo mtandaoni kwa jina la BBC Learning English, wala hulipi kitu ila bando lako. Kipindi chao kimoja, 6 Minute English, ni mazungumzo ya dakika sita, na maneno yote yamepigwa chapa chini yake, hata waweza kusikiliza huku wafuata kwa macho, kisha ukapakua sauti na maandishi, ukavihifadhi. Kwa kazi hii nawasifu pasipo kificho. Lakini kwetu si kazi ya mtoto. Ni ya mwalimu wake. Nalijaribu kuwasikilizisha wanafunzi wa kidato cha kwanza kwa kispika kidogo. Dakika ya kwanza walinyamaza kwa heshima, dakika ya pili wengine walikuwa wakitazama kunguru dirishani, na ya tatu nikaizima mwenyewe. Mazungumzo yale yamefanyiwa mtu aliyekwisha kupanda ngazi nusu. Watoto wangu wangali wanaitafuta ngazi ilipo.

Bali mimi yamenifaa, na sharti nikiri jinsi yalivyonifaa. Neno "cupboard" nalifundishwa na mwalimu wangu kama lilivyoandikwa, p yake ikasikika waziwazi, nami nikalifundisha vivyo hivyo miaka kumi na mmoja. Usiku mmoja, nyumba nzima imelala, nimeweka simu sikioni, nalimsikia Mwingereza akilitamka bila p kabisa. Naliirudisha sauti ile mara nne. Kisha nikaanza kuhesabu madarasa niliyoyafundisha neno lile, nikaacha kabla sijafika mwisho. Kesho yake naliwaambia wanafunzi wangu kosa langu. Walicheka, wala si kwa dharau, na mmoja wao akauliza, "Mwalimu, na mengine je?" Swali lile sijapata jibu lake hata leo, nalo ndilo liniketishalo na simu usiku.

Sisemi kwamba imetulazimu kusema kama watu wa London. Watu wa Scotland hawasemi hivyo, wala Wahindi, wala Wanigeria, na Kiingereza chao hueleweka. Ila kuwa na lafudhi ya nyumbani ni jambo moja, na kutolijua neno lilivyo ni jambo jingine.

Nikaenda kwa British Council, ambao nao wana hazina kubwa. Ziko kurasa za wanafunzi, ziko kurasa za watoto wadogo zenye nyimbo na hadithi, na ziko kurasa za walimu, zenye masomo yaliyopangwa toka mwanzo hata mwisho: dakika tano fanya hili, dakika kumi fanya lile. Wanafunzi wamegawanywa kwa kile kipimo cha Ulaya kilichotolewa mwaka 2001, kiendacho toka A1 hata C2. Kipimo hicho nalikipenda, maana kilinionyesha jambo nililokuwa nikilikwepa: wengi wa watoto wangu wa kidato cha kwanza wako A1, yaani mlangoni, na hali kitabu chao cha baiolojia kimewaweka chumba cha ndani. Kuhusu ile mipango ya masomo, yataka darasa ambalo kila mtoto ana karatasi yake na nafasi ya kusimama na kuzunguka. Mimi nina watoto zaidi ya sabini, na wa nyuma hawana pa kunyoosha mguu.

Katika kupakua huku na huku nalipata mazungumzo mafupi ya msafiri katika stesheni ya treni. Sisemi ya nani, maana yako mengi ya namna hiyo. Msafiri amwendea karani, asema "Excuse me", kisha auliza treni yaondoka saa ngapi. Naliyaandika ubaoni, wawili wakayasoma mbele ya darasa. Nikatazamia watauliza treni, au tiketi. Hawakuuliza hayo. Binti mmoja alinyoosha mkono akasema, "Mwalimu, mbona hajamsalimu?" Darasa zima likaitikia, naam, hajamsalimu! Mtu atoka huko, afika kwa mwenye kazi yake, aanza kumhoji saa! Basi nalisimama na chaki mkononi sina la kusema, maana tangu nianze kufundisha sijapata kuliona jambo lile. Nikawaeleza kwamba kwa Mwingereza kuomba radhi kwa kumkatizia mtu kazi ndiko kumsalimu kwake, na kwamba kusimama dirishani ukiuliza habari za nyumbani hali watu kumi wako nyuma yako ndiyo utovu wa adabu. Wakabishana sana, nusu kwa Kiswahili na nusu kwa Kiingereza kibovu, na ndani ya ubishi ule walisema Kiingereza kingi kuliko katika somo lolote la mwaka ule.

Ndipo tukaifuta treni. Tukaweka bandari ya Nansio, na meli iendayo Mwanza, na mama mwenye kapu la machungwa atakaye kujua kama atalipia na mzigo. Watoto wenyewe waliamua kwamba mama yule atasema "Good morning" kwanza, kisha "Excuse me", ili asimkosee mtu wa upande wowote.

Hapo nalipata kipimo cha kuyapimia masomo mengine yote. Nalianza kuuliza, si wingi wa kurasa wala uzuri wa picha, bali hivi: mwalimu aweza kulivunja somo hili na kulijenga upya kwa miti ya kwao? Na tena: aliyelitunga ajua kwamba mtoto huyu ana lugha mbili kinywani kabla ya hii ya tatu?

Katika hili la pili masomo mengi ya mtandaoni yameshindwa. Yametungwa kwa mtu yeyote wa popote, na mtu wa namna hiyo hayuko. Mtoto wetu ana makosa yake, na makosa hayo yana njia yajiayo. Huandika "My mother he is sick", si kwa upumbavu, bali kwa kuwa "yeye" wetu hana uume wala uke. Husema "I hear cold", maana kwetu baridi husikiwa, na njaa husikiwa, hata harufu husikiwa. Hachagui baina ya "lend" na "borrow", kwa sababu kuazima ni kuazima tu, utoe au upokee. Mwonyeshe mkono wako mzima, toka bega hata vidole. Sisi twauita mkono, Mwingereza ameukata vipande viwili, "arm" na "hand", na mguu kadhalika. Jamaa zake mtoto nao huwa taabu: baba mkubwa, baba mdogo na mjomba, wote watatu watiwa katika mfuko mmoja wa "uncle", na mtoto mwenye adabu huona haya kuwachanganya. Kuhusu matamshi, Kiswahili kina irabu tano, na Kiingereza, kwa hesabu ya wanafunzi wa sauti, zapata ishirini; basi "ship" na "sheep" kwetu ni neno moja. Tena sisi watu wa Ziwa huchanganya l na r, na asemaye "selasini" badala ya thelathini atasema "sink" badala ya "think". Mwalimu yeyote wa kisiwa hiki aweza kuiongeza orodha hii mpaka jua lichwe. Lakini katika kurasa zile kubwa sikuliona somo hata moja lililoanzia hapo.

Ziko na programu za simu zenye michezo, zihesabuzo alama na kukupigia kengele ukikosa siku moja. Nyingi huanza kwa kukuuliza lugha yako, na mara nyingi Kiswahili hakimo, hata yakubidi kujifunza Kiingereza kwa Kiingereza. Zafaa kupitisha muda katika meli. Kuhusu akili mnemba, ambayo hujibu swali kwa Kiswahili na kusahihisha insha papo hapo, nimeitumia kutunga mazoezi ya "he" na "she", na yaliyo mengi yalikuwa mazuri. Ila husema kosa kwa sauti ile ile isemayo kweli, na asiyejua kitu hatazitambua mbili hizo. Tena bila mtandao huwa bubu.

Msiseme kwamba nalaumu tu. Kuna watu waliojaribu kuanza na mtoto mwenyewe. Katika miaka ya 2010 Chuo Kikuu cha Dodoma, Chuo Kikuu cha Aga Khan na cha Bristol, pamoja na Taasisi ya Elimu Tanzania, waliungana katika mradi uitwao LSTT kutengeneza sura za vitabu vya kidato cha kwanza kwa namna nyingine. Sentensi za Kiingereza ni fupi, picha zasaidia, maneno magumu yamefasiriwa kwa Kiswahili pale pale, na watoto huruhusiwa kuzungumza jambo kwa Kiswahili kwanza, kisha waliandike kwa Kiingereza. Mtu atasema, hiyo ni njia ya kumdekeza mtoto. Mimi naona ndiyo njia tuliyoifuata siku ile ya treni tusijue ina jina. Nasikitika tu kwamba kurasa za namna hii ni chache.

Sasa neno la tahadhari. Sauti ya Amerika ilikuwa na masomo niliyoyapenda kuliko ya BBC kwa ajili ya watoto, kwa sababu yalisomwa polepole. Walianza mwaka 1959, kwa maneno yapata 1,500 tu na sentensi fupi, hata mtoto wa kidato cha pili aweza kushika kamba. Mwezi wa Machi 2025 serikali ya Marekani ilikatiza kazi ya idhaa ile, na wafanyakazi wakaambiwa wakae nyumbani. Mimi nalikuwa na masomo machache niliyokwisha kuyapakua na kuyaandika katika daftari; mwalimu mwenzangu alikuwa na alama za kurasa tu katika simu. Tangu siku ile sihesabu kuwa nina somo mpaka liwe katika karatasi. Na huku kwetu karatasi ina faida nyingine, maana mtandao wa mjini Nansio si mtandao wa visiwa vya mbali, na bando la wiki huweza kuisha siku ya pili.

Wasomaji wa gazeti hili wana masomo mengine nyumbani mwao wasiyoyahesabu kuwa masomo. Biblia ya Kiswahili na ya Kiingereza zapatikana mtandaoni bega kwa bega, na kwa kuwa aya zina hesabu moja, aijuaye habari ya mwana mpotevu kwa Kiswahili aweza kuifuata kwa Kiingereza bila kamusi. Mimi humshauri mzazi aanze hapo. Ila chagueni tafsiri ya siku hizi, msichukue ile ya mfalme James ya mwaka 1611. Mwanafunzi wangu mmoja aliisoma ile kwa bidii sana, akaniandikia barua ya kuomba ruhusa: "Thou knowest my mother is sick." Nalimpa ruhusa.

Katika yote niliyoyatazama, ninalolitanguliza ni African Storybook, kazi ya watu wa Afrika Kusini iliyofunguliwa mwaka 2014. Ni hadithi fupi zenye picha, zimegawanywa kwa ngazi, toka neno moja moja hata aya ndefu. Na nyingi zimo kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na kwa lugha nyingine nyingi za Afrika. Ndani yake mna mbuzi, kuku, bibi apandaye mihogo, mtoto atumwaye maji. Na lililo kubwa zaidi: kwa masharti mepesi yeyote ana ruhusa kuzipiga chapa, kuzitafsiri, na hata kuzibadili. Hapo ndipo kipimo changu kilipotimia. Naliandaa hadithi kumi, Kiingereza upande mmoja wa karatasi na Kiswahili upande wa pili, nikatoa kopi stesheneri ya mjini, na gharama yake ilikuwa chini ya mabando ya mwezi mmoja.

Hazikosi ila. Zimetungwa na mikono mingi, na mikono mingine ilikuwa na haraka. Nyingine hazina hadithi ndani yake, ni orodha ya wanyama tu. Nyingine Kiswahili chake ni cha kigeni, chafuata Kiingereza hatua kwa hatua hata kinajikwaa. Lakini hata huko kujikwaa nimekufanya somo: nawapa watoto ukurasa wa namna hiyo, nawaambia, "Kiwekeni Kiswahili hiki sawa." Ili wakisahihishe yawabidi kuelewa vizuri Kiingereza kilichokizaa.

Kisha nikafikiri habari ya Kikerewe. Si jambo geni kisiwani hapa. Aniceti Kitereza, mtu wa hapa hapa, aliandika kitabu chake kikubwa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, asipate wa kukipiga chapa. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka mwaka 1980, karibu na mwisho wa maisha yake, maana alifariki mwaka 1981. Mwaka 2002 kikatoka kwa Kiingereza kwa kazi ya Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe. Basi habari za wazee wetu zaweza kusomwa leo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, ukurasa kwa ukurasa, na mwalimu wa kidato cha nne mwenye vitabu hivyo viwili ana somo ambalo hakuna mtandao uwezao kumpa. Havigawiwi bure, sharti vinunuliwe, nami nina kimoja tu.

Kwa kuufuata mfano ule, mwaka huu tumeanza kuzitia Kikerewe zile hadithi fupi, ili zisomwe kwa lugha tatu. Watoto hutafsiri, kisha huzipeleka nyumbani kwa wakubwa wao kuzisahihisha. Mbili zimekwisha. Ya tatu, ya mtoto na kuku wake, iko kwa bibi wa mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili, ambaye hajui kusoma; mjukuu wake humsomea kwa Kikerewe, kisha humweleza Kiingereza chasemaje. Bibi amekubali ukurasa wote isipokuwa neno moja. Asema hilo si la kuku, ni la bata, na mpaka walipate la kuku karatasi haitoki nyumbani kwake.